Ukiwa na Upweke: Kijana wa Eastlands, Shule na Riwaya ya Kiswahili ya Kenya

Riwaya ya Kiswahili ya Kenya imempenda kijana wa shule. Sababu mojawapo ni ya soko, nayo haifai kuonewa haya. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 na Kiswahili kufanywa somo la lazima lenye kutahiniwa, mnunuzi mkuu wa riwaya amekuwa mwanafunzi wa shule ya upili, na mtunzi hana budi kumjua mnunuzi wake. Ndiyo maana katika vitabu teule vya miongo mitatu iliyopita tunamkuta mara kwa mara kijana mwenye daftari mkononi na simanzi moyoni: Kongowea Mswahili wa Siku Njema (1996), Umulkheri wa Chozi la Heri (2017), Samueli wa hadithi fupi "Mtihani wa Maisha" iliyomo katika mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine (2016). Wahakiki wamewaandikia wahusika hawa mengi, na watahiniwa wamejibu maswali mengi zaidi juu yao.

Linalotushughulisha katika makala haya ni kwamba upweke wa vijana hawa umechorwa, isipokuwa mahali pachache, kwa namna moja tu, na kwamba namna hiyo siyo inayomkabili msomaji mmoja mahususi wa vitabu hivyo, yaani mwanafunzi wa shule ya kutwa katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi. Tunadai kwamba riwaya yetu inaujua ukiwa lakini haijaujua upweke. Kwamba imeifanya shule kuwa dawa, ilhali katika maisha ya kijana huyu shule ni nafuu na ugonjwa kwa wakati mmoja. Na kwamba kizuizi kikubwa kinachoifanya isimwone ni cha lugha kuliko cha maudhui. Hatumlaumu mtunzi yeyote kwa kutoandika kitabu ambacho hakukusudia kukiandika. Lakini pengo likidumu kwa muda mrefu huacha kuwa bahati mbaya, na mhakiki ana haki ya kuliuliza limetoka wapi.

Maneno mawili

Kamusi zetu huyaweka maneno ukiwa na upweke karibu karibu, hata moja hutumiwa kulifafanua jingine. Matumizi, hata hivyo, huyatenga. Mkiwa ni mtu asiye na wake: aliyefiwa, aliyeachwa, asiye na jamaa wa kumtetea. Hata mji uliohamwa na watu huitwa ukiwa. Kwa hiyo neno hili linabeba ndani yake habari ya upotevu, kwamba palikuwa na watu na sasa hawapo. Upweke hausimulii habari yoyote. Unatuambia kwamba mtu yu peke yake, bila kutuambia ni nani aliyeondoka, na pengine hakuondoka mtu. Wahenga waliposema kuwa upweke ni uvundo hawakuufananisha na msiba. Msiba humjia mtu kutoka nje, na jirani huuona na kuja kuhani. Uvundo humea ndani, mahali pasipopita hewa, na wa kwanza kuunusa huwa ni yule yule anayeuficha.

Tofauti hii tunaitia mkazo kwa sababu riwaya hupenda ukiwa. Katama Mkangi aliliweka neno hilo kwenye jalada la riwaya yake ya mwaka 1975, na tangu hapo limekuwa kama anga inayowafunika wahusika vijana hata pale lisipotajwa. Ukiwa una mwanzo, kwa hiyo una msuko. Aliyefiwa anaweza kupata mlezi. Aliyeachwa anaweza kumtafuta aliyemwacha. Hivi ndivyo ilivyo katika Siku Njema ya marehemu Ken Walibora. Kongowea analelewa Tanga na mama ambaye ni mwimbaji wa taarab, bila ya baba nyumbani, mama anafariki, maisha ya kulelewa na jamaa yanakuwa machungu, naye anafunga safari ndefu hadi Kenya kumtafuta baba. Uzuri wa riwaya hiyo, na sababu ya wanafunzi kuipenda hata baada ya mtihani, ni kwamba msimulizi wa nafsi ya kwanza anatufanya tutembee naye. Kila kituo cha safari kinapunguza ukiwa wake kwa kiasi fulani. Msomaji anajua tangu mapema ni kitu gani kitakachokuwa mwisho wa simanzi hiyo, naye anangoja.

Franco Moretti, katika kitabu chake juu ya riwaya ya makuzi ya Ulaya kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1987, ameeleza jinsi kijana wa riwaya ya karne ya 19 anavyouacha utulivu wa nyumbani ili akakutane na ulimwengu mpya usiotulia. Riwaya ya makuzi ya Kiswahili nchini Kenya imeigeuza safari hiyo. Kijana wetu huanza ulimwenguni, akiwa amekwisha kutupwa humo, na hutembea kuelekea nyumbani. Ugeuzaji huu una mantiki yake katika historia yetu ya uhamisho, ukimwi na ghasia za baada ya uchaguzi. Hata hivyo unamwacha nje kijana mmoja: yule ambaye tayari yuko nyumbani.

Chozi la Heri ya Assumpta Matei ndiyo iliyolikaribia zaidi jambo hili, na inastahili kusomwa polepole. Kwa mkusanyiko wa matukio, Umulkheri ni mkiwa wa kupigiwa mfano. Mama anaondoka, baba anafariki, na kijakazi Sauna anawaiba nduguze wawili, Dick na Mwaliko. Msichana anabaki peke yake katika nyumba iliyokuwa na watu. Mpaka hapo tumo katika njia ya kawaida. Anapofika katika shule ya Tangamano, ambayo jina lake ni tangazo la dhamira, Matei anafanya jambo ambalo sijaliona likifanywa vizuri hivyo mahali pengine: anausimamisha msuko. Kairu, Mwanaheri, Chandachema na Zohali wanasimulia, mmoja baada ya mwingine, yaliyowafika. Kairu anasimulia vita na ufukara. Mwanaheri, mama aliyekataliwa nyumbani kwa mumewe. Chandachema, baba asiyemlea. Zohali, mimba ya shuleni na maisha ya mitaani. Kwa kurasa hizo riwaya inarudi kuwa simulizi ya mdomo. Hakuna tatizo linalotatuliwa. Kila mmoja anasikilizwa, basi.

Wahakiki waliozilaumu kurasa hizi kwa kuichelewesha hadithi wameghafilika. Ndizo kurasa pekee ambamo upweke, si ukiwa, unashughulikiwa, kwa kuwa kitu anachokipata Umu hapo si mzazi wala ndugu bali masikio. Inasikitisha kwamba riwaya yenyewe haikuliamini jambo hilo. Baadaye Umu anapata wazazi wa kumlea, Mwangeka na Apondi, na mwishowe nduguze wanapatikana. Ukiwa umeponywa kwa njia ya ukiwa, yaani kwa kurudishiwa jamaa, na masikio ya Tangamano yanabaki kuwa kituo cha njiani.

Nje ya Kenya jambo hili lilionwa mapema zaidi. Rosa wa Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi ana baba, mama na wadogo zake. Hajapotelewa na mtu. Upweke wake unatokana na ukali wa baba ndani ya nyumba iliyojaa, na shule ya wasichana anayopelekwa haiuondoi bali inaupa uwanja mpana zaidi. Kitabu hicho kilizuiliwa kwa muda kisisomwe shuleni Tanzania, na kwa kawaida tunafundisha kwamba sababu ilikuwa ujasiri wake katika masuala ya mapenzi. Huenda wenye mamlaka walitishwa pia na jambo la pili, kwamba shule ilionyeshwa kuwa mahali ambapo mtoto anaweza kupotea huku jina lake likiitwa kila asubuhi.

Katika fasihi teule ya Kenya, "Mtihani wa Maisha" ya Eunice Kimaliro ndiyo inayosimama karibu na hapo. Samueli ana wazazi, ana dada zake, ana kwao. Amefeli mtihani, na hana mtu wa kumwambia. Aibu yake haina shahidi mpaka anapojitupa majini, na hata kuokolewa kwake kunakuja kwa bahati ya mpita njia. Hadithi ni fupi mno kwa mzigo iliojitwika, na mwalimu mkuu wake amechorwa kwa mkaa mtupu. Lakini imesema wazi kitu ambacho riwaya zetu ndefu zimekikwepa: kwamba shule yenyewe inaweza kuwa chanzo.

Bweni na kutwa

Turudi Tangamano kwa swali dogo ambalo halimo katika miongozo ya mitihani: wanafunzi hawa wanapata wapi muda wa kusimuliana? Wanaupata kwa sababu Tangamano ni shule ya kitaifa, na shule za kitaifa kwa kawaida ni za bweni. Bweni huipa riwaya kitu ambacho msimulizi yeyote angekitamani, yaani saa zisizo za darasa ambamo vijana wako pamoja bila wazazi. Karibu riwaya zetu zote ambamo shule inaponya ni riwaya za bweni. Hilo halijasemwa vya kutosha.

Mwanafunzi wa Eastlands kwa sehemu kubwa ni mwanafunzi wa kutwa. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2018 kwamba kila mtoto aliyefanya mtihani wa darasa la nane lazima apokelewe katika shule ya upili, shule za kutwa za mitaa zilipokea wengi zaidi ya uwezo wa madawati yao. Saa kumi au kumi na moja jioni lango hufunguliwa, na kila mmoja hushika njia yake kuelekea Makongeni, Jericho, Umoja, Kayole, Huruma. Marafiki wa darasani hutawanyika kabla ya kusemezana neno lisilohusu somo. Anayeachwa na Umu pale bwenini, kwa lugha ya riwaya, ni usiku; na kijana wa kutwa hana usiku.

Ana kitu gani basi? Hapa inabidi kusema kidogo juu ya nyumba. Sehemu kubwa ya mitaa ya kale ya Eastlands, tangu Pumwani ya miaka ya 1920, ilijengwa kwa fikra ya mfanyakazi Mwafrika wa kiume aliyeacha familia mashambani. Kaloleni ya miaka ya 1940, yenye nyumba za familia, viwanja na ukumbi wake, ilikuwa mojawapo ya mitaa michache iliyojitenga na desturi hiyo. Mahali pengine chumba kilipimwa kwa vitanda vya wanaume. Mtoto hakuwamo katika mchoro. Buruburu, Umoja na Dandora za miaka ya 1970 zilibuniwa kwa ajili ya familia, lakini baadaye Umoja, Kayole na Huruma zimeota ghorofa juu ya ghorofa za vyumba vya kupangisha, na familia kamili inaishi ndani ya chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Kijana wa miaka 16 katika chumba hicho hukosa vitu viwili ambavyo tumezoea kuvidhani kuwa vinapingana: hana wa kuzungumza naye, na hana mahali pa kuwa peke yake. Upweke wake ni upweke usio na faragha. Akilia, ataonekana, na kuonekana si sawa na kusikilizwa.

Riwaya inayomchora mpweke kama mtu aliye katika nyumba tupu haiwezi kumtambua huyu. Ana watu tele. Kuna ndugu wanaogombania taa, jirani mwenye redio, kondakta anayemfahamu kwa jina, vijana wa kijiweni, ambao wenyewe hukiita "bezi". Anaweza kupita siku nzima akisalimiwa.

Tusikimbilie kusema kwamba kijana huyu anaichukia shule. Ni hapa ambapo fasihi nyepesi ya mijini, inayopenda kumchora mtoro na mkaidi, hupotosha kama inavyopotosha fasihi ya maadili. Kwa wengi wao dawati ndilo eneo pekee katika siku nzima ambalo ni la mtu mmoja, lenye jina lililochongwa kwa wembe. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya uviko, baadhi ya madarasa yakarudi Oktoba na mengine yote Januari 2021, ilionekana wazi ni kitu gani kilichokuwa kimeondolewa. Lakini dawati hilo hilo hukaa chini ya orodha ya matokeo inayobandikwa ukutani mwishoni mwa muhula, na orodha ni aina ya sensa ambayo humhesabu kila mtu peke yake. Mtu wa 38 kati ya 52 hana wenzake 14 walio chini yake wala 37 walio juu yake. Ana nambari yake tu. Hisia hizi mbili, shukrani kwa dawati na hofu ya orodha, hukaa ndani ya kijana mmoja kwa saa ile ile. Sijakutana na riwaya ya Kiswahili ya Kenya iliyoziweka pamoja.

Waliomwona kwa Kiingereza

Roger Kurtz, katika utafiti wake wa mwaka 1998 juu ya riwaya ya Kenya, alionyesha jinsi riwaya ya Kiingereza ilivyokua pamoja na jiji la Nairobi na kulifanya jiji hilo kuwa tamaa na hofu yake. Riwaya ya Kiswahili ilikuwa na mizizi mingine, ya pwani na ya visiwani, na hata ilipohamia bara ilipenda kubuni miji yenye majina ya mafumbo. Mafumbo yana faida zake chini ya serikali zisizopenda kusemwa. Lakini mji wa fumbo hauna Barabara ya Jogoo.

Kwa hiyo kijana wa Eastlands anapatikana zaidi kwa Kiingereza. Paulina wa Coming to Birth (1986) ya Marjorie Oludhe Macgoye ana miaka 16 anapofika Nairobi kwa treni mwaka 1956 kumfuata mumewe Pumwani. Anapotea njia ndani ya mji uliojaa watu, wakati wa hali ya hatari, na upoteaji huo ni mojawapo ya vifungu vizuri kabisa vya fasihi yetu juu ya mtu kuwa peke yake hadharani. Meja na Maina wa Kill Me Quick (1973) ya Meja Mwangi wamekwisha kuvuka shule. Wana vyeti, na hakuna anayevitaka. Mwangi alielewa kwamba cheti kisichofaa kitu hakimrudishi kijana nyumbani bali humfungia njia ya kurudi, kwa kuwa nyumbani ndiko kulikotumia mali ili kukipata. Meja hawezi kuwakabili waliomlipia karo. Tukirudi kwa Samueli wa Kimaliro tutaona kwamba ni aibu ile ile, ila imesogezwa nyuma hadi siku ya matokeo.

Anayetuhusu zaidi ni Eddy, msimulizi wa The Slums (1981) ya Thomas Akare. Si mwanafunzi, na ulevi na umalaya unaomzunguka umewafanya walimu wengi wakione kitabu hicho kuwa cha aibu. Eddy anaosha magari, ana marafiki, ana maneno, na usiku analala ndani ya gari bovu. Akare hatuambii kwamba Eddy ni mpweke. Anampa sauti inayochekesha, yenye sentensi za kukatikakatika, Kiingereza kilichopindwa mpaka kikasikika kama mazungumzo ya mtaani, na upweke unasikika pale ambapo mzaha unapokwisha na hakuna aliyejibu. Hili ni suala la fani. Upweke wa Eastlands haukuhitaji maudhui mapya. Ulihitaji sauti inayozungumza sana na kuficha.

Lugha ya kusemea

Mwaka 2019 nilikuwa nikiwakagua wanafunzi wetu wa ualimu waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Shule moja ilikuwa ya kutwa, si mbali na Barabara ya Jogoo. Jina lake halihitajiki hapa. Mwalimu mwanafunzi, binti hodari aliyejiandaa vizuri, alikuwa akifundisha Chozi la Heri katika kidato cha tatu. Akauliza: ni mambo gani yaliyosababisha upweke wa Umu? Mikono ikanyanyuka. Kifo cha baba, kuondoka kwa mama, kuibwa kwa ndugu; majibu yakapanda ubaoni yakiwa na nambari, kwa utaratibu wa mwongozo ambao nusu ya darasa walikuwa nao chini ya madawati. Kisha mvulana mmoja wa nyuma, karibu na nilipoketi, akasema bila kunyanyua mkono kwamba Umu alikuwa na bahati, kwa sababu alikuwa na watu wa kumsimulia usiku. Yeye akitoka hapa saa kumi na moja hakuna anayemwuliza kitu mpaka kesho yake, na nyumbani wako saba. Aliyasema hayo kwa Sheng. Darasa likacheka, si kwa ubaya. Mwalimu akamwambia arudie kwa Kiswahili sanifu. Kijana akasimama, akafikiri kidogo, akasema, "Basi, mwalimu, si kitu," akaketi.

Somo likaendelea. Nami katika fomu ya ukaguzi nikampa mwalimu yule alama nzuri katika kipengele cha matumizi ya lugha.

Nimelirudia tukio hilo mara nyingi akilini, na sidhani kwamba mwalimu alikosa kwa kipimo tulichompa. Somo lilikuwa la Kiswahili, mtihani ni wa Kiswahili sanifu, na mwanafunzi wa Eastlands anayehitimu bila ya lugha hiyo amenyimwa silaha. Mimi si miongoni mwa wanaodai kwamba Sheng ichukue nafasi ya Kiswahili darasani. Lakini kilichotokea kilikuwa uhakiki wa fasihi wa hali ya juu, na tukakizima. Kijana alikuwa ameiona nguzo ya riwaya, yaani bweni, ambayo mimi mwenye shahada ya uzamifu sikuwa nimeiona mpaka siku ile. Sehemu ya pili ya makala haya ni yake.

Ngugi wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind (1986), alieleza jinsi mtoto aliyesikika akisema Gikuyu shuleni alivyopewa kifungo cha kubeba, kikapita mkono hadi mkono mpaka jioni. Desturi hiyo haikuondoka na Waingereza. Katika shule nyingi za Nairobi kibao hicho, ambacho wanafunzi hukiita diski, kilihamia kwenye Sheng. Ngugi alilitazama jambo hilo kwa upande wa utamaduni na utawala. Kwa upande wa upweke lina madhara mengine. Sheng, iliyokulia katika mitaa hii hii na ambayo Chege Githiora katika kitabu chake cha mwaka 2018 ameichukulia kuwa namna ya Kiswahili cha Kenya, ndiyo lugha ambayo kijana wa Eastlands hutumia kwa rika lake. Kiswahili sanifu ni cha mtihani, Kiingereza ni cha masomo mengine, lugha ya wazazi inaeleweka nusu. Ukimwambia aisemee simanzi yake katika mojawapo ya hizo tatu, umemwambia aisemee mbele ya mgeni.

Lakini Sheng nayo haimpi kila kitu, na hapa naachana na wale wanaoisifu bila kuipima. Ni lugha ya wingi. Ni tajiri kupita kiasi kwa maneno ya rafiki, nyumba, pesa, polisi, matatu. Fahari yake ni kikundi. Kalamashaka wa Dandora walipovuma mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa wimbo "Tafsiri Hii", jina lenyewe likiwa ni amri kwa msikilizaji wa mitaa mingine, walikipa Kiswahili cha Nairobi ushairi ambao vyuo vikuu havikuutarajia. Nafsi ya ushairi huo ni sisi: sisi wa mtaa, sisi tuliosahauliwa. Muungano uliokua kutokana nao ukajiita Ukoo Flani Mau Mau, na neno ukoo halikuchaguliwa ovyo. Vijana walikuwa wakibuni jamaa pale ambapo riwaya zingewatafutia baba. Ndani ya ukoo huo mimi mwenye aibu, asiyefurahia bezi na anayeogopa orodha ya ukutani, hana ubeti wake.

Hivyo kijana yule amebanwa na lugha mbili. Moja inamruhusu kusema mimi lakini si yake. Nyingine ni yake lakini inamtaka aseme sisi. Riwaya ndiyo iliyo na uwezo wa kuzikutanisha, kwa kuwa ni utanzu pekee ambamo msimulizi anaweza kuongea kwa lugha moja huku mhusika akifikiri kwa nyingine, na mshono ukaonekana. Usemi huru wa mhusika ndani ya usimulizi tunao. Kezilahabi aliutumia, Said A. Mohamed ameutumia kwa ustadi. Haujatumiwa kwa kijana wa Kayole. Mchapishaji atauliza kama kitabu kama hicho kitaidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala, na swali lake ni la haki, maana kitabu kisichoingia shuleni huuza nakala chache. Mtihani wa darasa la nane ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mfumo unaochukua nafasi ya 8-4-4 unazungumza sana juu ya umilisi na kujieleza. Kama maneno hayo yatafika hadi kwenye orodha ya vitabu teule, watakaoichagua watajua kabla yetu.

Katika kuandika makala haya nimejaribu kuyakumbuka maneno ya mvulana yule kama alivyoyatamka. Hapo juu nimeyaandika kwa Kiswahili changu. Kwake yalikuwa mafupi zaidi, na darasa lilicheka kwa sababu ya neno moja alilolitumia mahali ambapo mimi nimeweka "bahati". Fomu yangu haikuwa na nafasi ya kuliandika, na sasa silikumbuki.